Mawe ya Kijani ya Kijito Chetu

Nikiwa na miaka minane, kazi yangu ya alfajiri ilikuwa kuteka maji katika kijito kinachoshuka kuelekea Mto Ruvubu, wilayani Ngara. Bibi alikuwa na agizo moja: "Mjukuu wangu, teka pale mawe yalipovaa kijani." Mawe yetu si ya chokaa kama ya mapango ya Amboni kule Tanga, ni magumu, ya kahawia. Lakini yale ya ukingoni yalifunikwa na vimea laini mithili ya manyoya ya kifaranga. Ukivibonyeza, maji yanachuruzika. Hata Agosti, vilima vikiwa vimeungua, pale palikuwa pabichi.

Sababu niliijua nilipokwenda sekondari Biharamulo. Vimea hivyo havina mizizi ya kweli, maua wala mbegu. Hunywa maji kwa vijani vyake. Vikikosa kivuli, hujikunja na kukauka. Bibi hakuyasoma hayo, ila alijua kwamba vinapoota pana maji yasiyokatika.

Ikaja Aprili 1994. Tarehe 28 na 29, watu zaidi ya 200,000 walivuka daraja la Rusumo wakikimbia vita vya Rwanda, wakapiga kambi Benaco. Wote walihitaji kuni. Siwalaumu: aliyekimbia na mtoto mgongoni na sufuria kichwani atapikia nini? Na sisi wenyeji tuliuza miti. Niliporudi likizo, kivuli cha kijito kilikuwa kimekwisha. Vimea vilikuwa vyeusi, vinasagika mkononi kama majani ya chai. Mvua ziliposhuka, udongo wa mlimani ukavifukia. Bibi alitazama, asiseme neno, kisha akanielekeza kisima cha mbali.

Wakimbizi wa Rwanda walirejeshwa kwao Desemba 1996. Nyasi zilirudi upesi, vichaka vikafuata. Mawe yalibaki uchi miaka mingi. Baba zangu wadogo walitaka kupanda mikaratusi, yenye bei. Tulibishana sana, mwishowe tukapanda mikuyu ukingoni. Ilipotanda ndipo nilipoona doa la kijani, dogo kama kucha, upande wa jiwe usiopigwa na jua. Bibi hakuliona, alikuwa ameshatutoka.

Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 inakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa mto. Ndugu msomaji mwenye shamba kando ya kijito, ziache hizo mita 60 zibaki na miti yake.