Bangi na Njaa ya Usiku

Hapa Kirumba, Mwanza, tunaye ndugu yetu mvuvi aliyevuta bangi miaka 20. Hunena ya kuwa moshi humkinga na baridi ya ziwa. Lakini usiku njaa humshika, naye hula ugali wa watu watatu.

Bangi huamsha njaa, na sumu yake hukaa katika mafuta ya mwili siku nyingi. Mwaka 2013 waganga wa Marekani waliwapima wavutaji 30: mafuta yaliyojificha ndani ya tumbo yalizidi yale ya wasiovuta wenye unene ule ule, ingawa sukari ya damu ilikuwa sawa.

Nasi tulimhesabu mzima kwa wembamba wake! Tulimkemea dhambi, habari za tumbo hatukumwuliza. Juma hili twakwenda naye Bugando, apimwe.