Katuni ya Mifupa

Aprili 2020 Mombasa ilifungwa. Huingii, hutoki. Kafyu ilianza saa moja jioni, shule zilikuwa zimefungwa tangu Machi, na dada yangu, ambaye ni muuguzi, aliamua kwamba mtoto wake hatalala nyumba moja naye mpaka huo ugonjwa ueleweke. Akamleta kwetu Changamwe na begi moja la nguo, vitabu vyake vya gredi ya pili, na flashi ya muvi. "Akikusumbua, muwekee hizi," akaniambia kutoka nje ya lango, barakoa usoni. Hakuingia. Mtoto alimpungia mkono mpaka bodaboda ikapotea kwenye kona, kisha akanigeukia na kuniuliza kama laptopu yangu ina chaji.

Flashi ilikuwa na muvi kumi na moja. Yeye alitaka moja tu. Coco. Mimi nilikuwa nikiiita katuni ya mifupa, kwa sababu nilipochungulia mara ya kwanza niliona mafuvu yanacheza ngoma, nikasema hiyo si yangu.

Msinielewe vibaya. Sina noma na katuni. Nina noma na Disney. Sisi tuliozaliwa na Kiswahili mdomoni tuna kesi na hiyo kampuni. Mwaka 1994 walitoa The Lion King, wakachukua maneno mawili ambayo Them Mushrooms walikuwa wameshayaimba mwaka 1982 kwenye Jambo Bwana, na ambayo mamangu huyatamka akirudisha chenji. Mwaka 2003 maneno hayohayo yakasajiliwa kule Marekani kuwa alama yao ya biashara kwenye nguo. Hakuna matata, mali ya mtu! Mwaka 2018 watu wengi walitia saini malalamiko, nami nikiwemo. Kwa hivyo niliposikia kwamba sasa wametengeneza katuni kuhusu sikukuu ya wafu ya watu wa Mexico, nilijiambia, haya, wamehamia kwa jirani.

Na sikuwa nimekosea sana. Mwaka 2013, kazi ya hiyo filamu ikiendelea, Disney waliomba kusajili jina Día de los Muertos, siku yenyewe ambayo watu wamekuwa wakiwakumbuka wafu wao vizazi na vizazi. Wamexico wa Marekani wakawaka moto. Mchoraji Lalo Alcaraz akachora bango la panya mkubwa wa mifupa anayeuvamia mji. Kampuni ikaliondoa ombi lake mbio mbio, na baadaye mchoraji huyohuyo akaajiriwa awe mmoja wa washauri wa filamu. Ukiniuliza mimi, huko kuumbuliwa ndiko kulikoiokoa.

Lakini hayo ndiyo niliyokuwa nikiwaambia watu. Sababu yangu ya kweli ilikuwa maneno "muvi ya familia". Muvi ya familia najua inavyoisha. Watu wanakumbatiana. Aliyekosea anaeleweka. Mimi nimelelewa katika nyumba ambayo aliyekosea hakutajwa kabisa.

Babangu alikuwa dereva wa lori la masafa marefu, Mombasa hadi Kampala. Mwaka 1996, nikiwa na miaka tisa, alipeleka mzigo na hakurudi. Lori lilirudi, likiendeshwa na mtu mwingine. Baada ya miezi kadhaa tukasikia ana mke na nyumba Malaba, na kwamba nyumba hiyo haikuanza jana. Mamangu hakupiga kelele. Alitoa albamu chini ya kitanda, akachambua picha moja moja kama anayechambua mchele, akatoka nazo nje. Sikuuona moto, ila niliunusa. Tangu siku hiyo jina lake halikutajwa. Hata lori lilipopita barabarani na honi yake ndefu, tulinyamaza mpaka liishe. Alipofariki mwaka 2011, habari ilikuja kwa ujumbe wa simu kutoka kwa namba tusiyoijua. Mama aliusoma, akarudi kukanda unga. Hakuna aliyesafiri.

Sasa, kama hujaitazama Coco, nisamehe maana nitaisimulia. Kuna kijana wa miaka kumi na miwili, Miguel, katika ukoo wa washona viatu. Kwao muziki umepigwa marufuku. Mama wa mababu zake aliachwa na mume aliyeondoka na gitaa lake, basi akaufukuza muziki nyumbani na kuanza kushona viatu ili mtoto ale. Kila mwaka, tarehe za mwanzo za Novemba, familia hupanga picha za wafu wao juu ya madhabahu, wanayoiita ofrenda, pamoja na chakula na maua ya rangi ya machungwa. Asiyewekwa picha hawezi kuvuka daraja kuja kuwaona walio hai. Na katika picha ya yule mama na bintiye, kichwa cha mume kimechanwa.

Siku ya kwanza nilikuwa nikitazama kwa jicho moja, jingine likiwa kwenye simu. Pale kichwa kilipokosekana pichani, simu niliiweka chini.

Mama alikuwa jikoni. Akatoka akifuta mikono kwenye leso, akasimama nyuma ya kochi. Kwenye skrini nyanya wa Miguel alikuwa amevua ndara na kumtandika nayo mwanamuziki wa watu aliyekuwa akimpa mjukuu wake ushauri. Mama akacheka mpaka akakaa. "Huyo ni wa kwetu," akasema. Mamangu, ambaye huona kutazama televisheni mchana ni dhambi ndogo, akakaa hadi mwisho.

Kuna jambo la katikati ya filamu lililonishtua kwa sababu nilikuwa nimelisoma kwingine. Huko kwa wafu, mifupa huishi maadamu kuna mtu duniani anayemkumbuka mwenyewe. Akifa wa mwisho anayemkumbuka, yule mfu anafifia na kutoweka, na hakuna ajuaye anakoenda. Nikasimamisha muvi. Huyu ni Mbiti! John Mbiti, mzaliwa wa Kitui kama babu zangu, aliandika kitabu mwaka 1969 kuhusu dini na falsafa za Waafrika, na akatumia maneno mawili ya Kiswahili kuueleza wakati: Sasa na Zamani. Mtu akifa, alisema, bado yumo katika Sasa maadamu wapo waliomjua na wanaolitaja jina lake. Ndiyo maana watu humwaga kinywaji kidogo chini, huacha tonge. Akiondoka wa mwisho aliyemjua, mfu huingia katika Zamani, ile bahari kubwa isiyo na majina. Chuoni nilikariri hayo nikapita mtihani. Sikuwahi kujiuliza yanamhusu nani.

Kwa hivyo ilinibidi nikubali kwamba hawa watu wa katuni walikuwa wameshika kitu ambacho wazee wa Ukambani nao walikishika, bahari mbili mbali. Na walikifanya mtoto wa miaka saba akielewe bila mtihani.

Lakini nilibaki na kinyongo kimoja, na sijakiacha mpaka leo. Héctor, yule baba aliyechanwa pichani, mwishowe anabainika hakuitupa familia yake. Alikuwa ameshafunga mizigo arudi nyumbani kwa bintiye Coco, rafiki yake akamtilia sumu ili amwibie nyimbo. Yaani kumbe alikuwa anarudi! Nikasema moyoni, hapo mmetuchezea. Ni rahisi kumrudisha ukutani baba aliyeuawa njiani. Wangu hakutiliwa sumu na mtu. Alikuwa Malaba akila ugali, miaka kumi na mitano, umbali wa usiku mmoja kwa basi. Mtoto wake wa pale hata alisoma hadi kidato cha nne, tulisikia. Katuni ya baba kama huyo nani ataitengeneza?

Nilikuwa karibu kurudi kwenye msimamo wangu wa zamani, ndipo kikaja kile kipande cha mwisho. Coco mwenyewe, mtoto aliyeachwa, sasa ni kizee, akili imeshachoka, hata binti yake hamkumbuki. Miguel anamwimbia wimbo ambao babake alimwimbia akiwa mdogo. Uso ule wenye makunyanzi unaanza kurudi, kidogo kidogo. Kisha anafungua droo na kutoa kile kipande kilichochanwa. Alikuwa nacho miaka yote hiyo, ndani ya nyumba iliyokatazwa kumtaja. Na alikihifadhi bila kujua habari za sumu. Kwa alivyojua yeye, baba alimwacha. Alikiweka hivyohivyo.

Niliinuka nikajifanya naenda kufunga dirisha.

Muvi ilipoisha, mtoto hakutaka nyingine. Aliketi akifikiri, kisha akauliza kwa ile sauti ya watoto isiyojua kunong'ona: "Anko, picha ya babu yangu iko wapi?"

Nikamwangalia mama. Mama akaangalia leso yake, akainuka, akarudi jikoni. Nikamwambia mtoto kwamba picha zilipotea tulipohama. Hatujawahi kuhama.

Usiku nilimpigia dada. Alikuwa ametoka zamu, sauti imemkauka. Nikamweleza swali la mwanawe, nikitegemea tucheke. Akanyamaza kwa muda mrefu hadi nikadhani kredo imeisha. Kisha akasema, "Ngoja." Baada ya dakika chache picha ikaingia WhatsApp.

Ni picha ya rangi, kona moja imeliwa na unyevu. Lori aina ya zamani, limeegeshwa juani. Mwanamume mwembamba ameegemea mlango wake, shati limefunguliwa vifungo viwili, anacheka na anayepiga picha. Na juu ya bampa, miguu ikining'inia, kuna mvulana mwenye kaptura ya shule. Ni mimi.

Dada aliniambia aliichomoa kwenye rundo usiku ule, akiwa na miaka kumi na miwili. Aliificha ndani ya Biblia, kisha ndani ya kitabu cha kemia, kisha ndani ya vitabu vya uuguzi. Nikamuuliza kwa nini. Akasema, "Si kwa ajili yake. Wewe ulikuwa umo." Akaongeza, "Hiyo ndiyo picha yako pekee kabla ya darasa la nne, hujui?"

Sikuwa najua. Kwa miaka ishirini na minne nilijua kwamba babangu alichomwa. Sikuwahi kuhesabu ni nani wengine walikuwa katika picha zile.

Asubuhi yake nilimwonyesha mtoto. Nilimwambia huyu ni babu yako, alikuwa dereva wa lori, aliondoka sisi tukiwa wadogo na hakurudi, na ameshakufa. Nikamtajia jina. Lilinitoka mdomoni likiwa zito, kama kitu kilichokuwa na kutu. Mtoto aliikuza picha kwa vidole viwili, akaisogeza huku na huku kama daktari.

"Mbona mnafanana?"

Kutoka jikoni, bila kugeuka, mama akasema: "Masikio tu."

Ni hayo tu aliyosema. Akaendelea kukaanga mahamri. Lakini lilikuwa neno la kwanza kuhusu mume wake tangu mwaka 1996, na mimi na mtoto tukaangaliana kama watu waliosikia ukuta ukiongea.

Picha haijatundikwa. Ule ni ukuta wa mama, na aliyelea watoto wawili kwa mahamri ana haki ya kuchagua nani amtazame akila. Wala sijamsamehe mzee; Malaba ni Malaba. Ila nimeacha kuamini kwamba kumkumbuka mtu ni kumpa zawadi. Dada alimkumbuka ili anibakize mimi.

Katuni ile tuliitazama mara tisa kabla Mombasa haijafunguliwa. Kufikia mara ya nne, mama alikuwa akituita yeye. Na kila tulipofika kwa yule kizee na droo yake, angesema tusimamishe kidogo, anaenda kuangalia chai. Tungesimamisha. Tungesikia maji ya bomba yakifunguliwa kwa muda mrefu kuliko chai inavyohitaji. Kisha angerudi, akae, aseme, "Haya, endeleza."