Gari Ikivuta Upande Mmoja, Tutafute Sababu Kabla ya Kununua Vyuma

Vikundi vyetu vingi hapa Lubumbashi vinatafuta gari ya okazioni. Tunaelewa, maana kulipia mizigo kila wiki kunakula faida yote. Sisi wamama wachuuzi tuliweka pesa pamoja muda mrefu, tukanunua basi ndogo iliyotoka Japani, usukani upande wa kulia. Inatubebea unga kutoka Kasumbalesa, na siku za kuuza inatupeleka Likasi. Wiki hii tunawaandikia juu ya ugonjwa ulioipata, kwa sababu dawa ya ugonjwa huu mara nyingi inauzwa kabla ugonjwa wenyewe haujajulikana.

Gari ilianza kuvuta kushoto. Shofere akilegeza mikono kidogo, yenyewe inaelekea kule. Kwetu Kongo tunaendesha kulia, kwa hiyo kushoto ni upande wa wanaokuja. Barabara ya Likasi ni kilomita 120 hivi, imejaa malori ya madini. Tena shofere wetu anakaa kulia, karibu na ukingo wa barabara. Mbele kukiwa na lori, haoni vizuri nani anakuja. Siku ile tulikuwa wamama tisa ndani, wawili wana watoto mgongoni. Hakuna aliyesinzia mpaka tulipofika.

Fundi wa garaji ya kwanza hakuinua hata gurudumu moja. Alizunguka gari, akaandika karatasi: amortiseri mbili, rotuli, pine mbili mpya, na paralelismi, yaani kulinganisha magurudumu. Bei yake ingekula likelemba ya mwezi mzima, na mwezi ule ulikuwa zamu ya mama mmoja aliyengojea pesa ya shule ya watoto wake. Tukamwuliza: «Baba fundi, katika hivi vyote, ni kipi kinachovuta gari?» Akajibu: «Mama, mukibadilisha vyote, itaacha.»

Hatukugombana naye. Tulishukuru, tukaenda kwa mzee mmoja anayetengeneza magari chini ya mwembe. Yeye alianza na mambo yasiyolipiwa, moja baada ya lingine, na alituruhusu tusimame karibu tuangalie.

Kwanza, upepo. Unapimwa asubuhi, pine zikiwa baridi. Kipimo chake kimeandikwa kwenye karatasi iliyobandikwa karibu na mlango wa shofere. Pine yenye upepo kidogo inakuwa nzito, na gari inavuta upande wake. Za kwetu zilikuwa sawa.

Pili, barabara yenyewe. Barabara nyingi zina mgongo katikati ili maji ya mvua yateremke pembeni. Sisi tunaoendesha kulia, gari ikitelemka kulia kidogo inaweza kuwa ni barabara tu, si ugonjwa. Ya kwetu ilikuwa inapanda mgongo kwenda kushoto.

Tatu, mzee alibadilishana pine za mbele, ya kushoto akaiweka kulia, ya kulia kushoto. Kama gari ingegeuka na kuvuta kulia, mkosaji angekuwa pine. Haikugeuka. Aliangalia pia kama pine imeliwa zaidi upande wa ndani au wa nje, maana hiyo ni alama kwamba magurudumu hayakulingana. Zilikuwa zimeliwa sawasawa.

Kisha akamwuliza shofere swali ambalo garaji ya kwanza haikuuliza: «Inavuta saa ngapi?» Shofere akasema asubuhi inaenda vizuri, ila ikishatembea na kupigwa freni mara nyingi, inaanza kuvuta, na inazidi. Mzee akaingia naye garini. Waliporudi, aliweka kiganja karibu na kila gurudumu la mbele bila kuligusa. La kulia lilikuwa na joto la kawaida. La kushoto lilikuwa linaunguza, na lilinuka. Freni ya kushoto ilikuwa inashika hata mguu ukishatoka.

Aliinua gari kwa kriki. Gurudumu la kulia lilizunguka kwa mkono, la kushoto lilikataa. Akafungua kidogo skrubu ya kutolea upepo kwenye freni ile ya kushoto. Mafuta ya freni yakaruka, na gurudumu likaachia hapo hapo. Akatueleza: nguvu ya mafuta ilikuwa imefungiwa ndani. Fleksibo, ule mpira unaopeleka mafuta kwenye gurudumu, ulikuwa umezeeka na kuziba kwa ndani. Mguu unasukuma mafuta yaende, lakini hayapati njia ya kurudi. Kama gurudumu lisingeachia, angetafuta kutu ndani ya freni yenyewe.

Tulinunua fleksibo mbili, ya kushoto na ya kulia, plaketi za mbele, na mafuta mapya ya freni. Vyote pamoja havikufika bei ya pine moja ya ile karatasi. Gari inaenda moja kwa moja, hata petroli inaliwa kidogo, maana haiburuti freni tena. Mama yetu alipata zamu yake wiki ile ile.

Magari mengine yatakuwa na sababu nyingine. Ikivuta wakati wa kupiga freni tu, mara nyingi inaenda upande wa freni inayofanya kazi vizuri, na mgonjwa ni ile ya upande wa pili. Rotuli zikicheza, zitengenezwe kabla ya paralelismi, vinginevyo kazi itaharibika upya na mutailipa mara mbili. Na gari iliyogongwa ikanyooshwa vibaya inaweza kuvuta hata kila kitu kikiwa kipya. Kwa hiyo kabla ya kununua okazioni, muijaribu mahali tambarare mpaka ipate joto. Mzunguko wa dakika mbili mbele ya muuzaji hautoshi.

Kuna jambo moja lisilongojea kikao. Gari ikivuta kwa nguvu, au gurudumu likinuka kuungua, isimame. Freni iliyopata moto sana inaweza kukataa kabisa kwenye mteremko. Mzigo wa unga utafika kesho.

Sasa kikundi chetu kina daftari la gari. Shofere anaandika kila anachosikia: inavuta wapi, saa ngapi, baridi au moto. Tukienda kwa fundi tunamsomea, kisha tunauliza: umejuaje? Fundi mzuri hakasiriki. Wa kwetu, yule mzee, alitupa hata kigoda tukae tuone vizuri.