Kikao Kinapoketi Bila Mgonjwa



Juma hili tumeona vema kutafakari swali ambalo familia hutuletea zikisikia kwamba ng'ambo kuna tiba ya kuua saratani ya kongosho bila kupasua tumbo.

Kongosho limejificha nyuma ya mfuko wa tumbo, karibu na uti wa mgongo, kandokando ya mishipa mikubwa ya damu. Mara nyingi saratani yake hukaa kimya hata imekwisha kuizunguka mishipa hiyo, na hapo daktari wa upasuaji hathubutu kuikata. Kuiunguza kwa joto kali nako kwaweza kudhuru mishipa, utumbo na mfereji wa nyongo. Ndipo ikabuniwa njia ya umeme. Mgonjwa akiwa amelazwa usingizi, daktari hutazama picha za CT, huingiza sindano kuuzunguka uvimbe, kisha hupitisha mipigo mifupi mno ya umeme, iliyopangwa kufuata mapigo ya moyo. Seli hutobolewa zikafa, na kuta za mishipa mikubwa kwa kawaida husalimika. Twastaajabia akili ambayo Mwenyezi Mungu amemjalia mwanadamu.

Lakini familia haituulizi habari za maajabu. Yauliza kama iuze shamba.

Mwaka 2024 yalichapishwa matokeo ya jaribio la CROSSFIRE, lililofanyika Amsterdam, Uholanzi. Wagonjwa 68, ambao uvimbe wao haukukatika wala haukuwa umesambaa mbali, waligawanywa kwa kura: wengine sindano za umeme, wengine mionzi iliyoongozwa kwa picha za MRI. Nusu ya wale wa sindano waliishi zaidi ya miezi 12.5; nusu ya wale wa mionzi, zaidi ya miezi 16.1. Kwa wagonjwa wachache hivyo, tofauti hiyo yaweza kuwa ya bahati tu, na jaribio lilisimamishwa mapema. Tena halikuwapo kundi la tiba kemia peke yake la kulinganishia. Basi anayewaahidi uponyaji kamili anawauzia asichokuwa nacho.

Katekisimu, namba 2278, yaruhusu kuacha tiba iliyo mzigo mzito, yenye hatari, au isiyolingana na matunda yanayotarajiwa, na uamuzi ni wa mgonjwa mwenyewe maadamu ana uwezo. Kumbe kwetu wazee wa ukoo huketi sebuleni kuhesabu michango, naye mgonjwa yu chumbani, hajaambiwa hata jina la ugonjwa wake! Labda angechagua safari. Labda angechagua mofini, au ile sindano ya alkoholi, nayo ikiongozwa kwa picha, inayozima mishipa ya fahamu ipelekayo maumivu ya kongosho, na fedha zilizosalia ziwasomeshe wajukuu.

Tunawasihi, ndugu wapendwa: kikao kijacho kifanyike kando ya kitanda chake. Mkituita, tutakuja na Mafuta Matakatifu.