Kula Uchungu na Kulishwa Uchungu

Neno la kwanza la Kichina nililolijua nilifundishwa Mjimwema, hapa Songea, barazani kwa mzee mmoja aliyekuwa kibarua katika ujenzi wa reli ya TAZARA. Neno lenyewe ni *chi ku*. *Chi* ni kula. *Ku* ni chungu. Maana yake ni kuvumilia mambo mazito bila kunung'unika.

Nililitamka *ku* kwa sauti ya juu iliyonyooka. Mzee akacheka. “Hapo, mwanangu, umesema kulia machozi. Ishushe sauti kwanza, kisha uiinue.”

Yeye alilijua neno hilo kwa jasho. Reli ile ya kilomita 1,860, kutoka Dar es Salaam hadi Kapiri Mposhi nchini Zambia, ilijengwa kati ya mwaka 1970 na 1975. Baina ya Mlimba na Makambako milima ilitobolewa na mabonde yakavukwa kwa madaraja marefu. Wachina walifanya kazi bega kwa bega na vibarua wetu. Baadhi yao waliofia kazini wamezikwa Gongo la Mboto.

Nikamwambia kwamba sisi nasi tunayo methali yetu: mvumilivu hula mbivu. Akatikisa kichwa. “Methali yetu inakuahidi tunda mwishoni. Neno lao haliahidi kitu. Linasema chakula chenyewe ni kichungu, nawe ule.”

Nikalisifu mno neno hilo, hata mzee akanizuia. “Angalia, mwanangu. Kula si kulishwa.” Akanyosha mkono kuelekea Makumbusho ya Maji Maji, walikozikwa viongozi wa Wangoni walionyongwa na Wajerumani tarehe 27 Februari 1906. Wazee wale walilishwa uchungu wa kutawaliwa, pamoja na kodi zake na kazi zake za shuruti. Hawakupungukiwa na uvumilivu. Waliukataa mkono uliowalisha.

Sisi walimu hupenda kuwahimiza vijana wavumilie, na hapana shaka ni wasia mwema. Lakini tangu siku ile, kabla sijamwambia mwanafunzi “vumilia”, hujiuliza kwanza: je, uchungu huu anaula kwa hiari yake ili ajenge kitu, au yuko mtu anayemlisha? Wa kwanza nitamsaidia kuumeza. Wa pili, wajibu wangu ni kumsaidia kuutema.