Kazi Aliyoifanya Dada

Siku tuliyomzika dada yangu mkubwa, kijana wetu mmoja alipewa jukumu la kuandika wasifu wa marehemu. Ni mtoto wa kaka, amesoma, na shangazi yake alimpenda kweli. Kabla ya ibada alinipa karatasi niipitie. Alikuwa ameandika alikozaliwa, alikosoma, kipaimara chake na watoto aliowaacha. Kisha: "Marehemu hakuwahi kuajiriwa. Miaka yake ya mwisho alikaa nyumbani na bibi." Bibi anayemtaja ni mama yangu. Nikamwambia sentensi hiyo haitoshi. Akaniuliza, bila ubaya wowote, "Kwani shangazi, yeye alikuwa anafanya kazi gani?"

Msibani hapakuwa mahali pa kumjibu. Nitamjibu hapa, yeye na wenzake wote waliokua barabara ya Tunduma ikiwa tayari ina lami.

Nianze na bibi yetu mzaa baba. Aliishi upande wa Mpui, kwenye uwanda ule wa Ufipa ambako upepo wa Juni unapita kwenye nyasi bila kizuizi. Alikataa kuhamia nyumba kubwa ya bati. Alilala jikoni kwake, kijumba cha udongo chenye paa la nyasi lililokuwa jeusi kwa masizi. Harufu ya jiko lile naijua hadi leo. Kulikuwa na moshi wa kuni uliokolea ukutani, ulezi uliochipuzwa ukisubiri kuwa pombe ya kimpumu, samaki wakavu waliopandishwa kutoka bonde la Rukwa, na mafuta ya nyonyo aliyojichua magotini kila jioni. Sare zetu za shule zilinuka hivyo hivyo. Mwalimu alijua ni mtoto gani analala kwa bibi yake hata kabla hajaita majina.

Mgongo wake ulipindwa na intumba. Anayelima kwa trekta hawezi kuijua kazi hiyo. Mvua zikielekea kuisha, wanawake walikata majani kwa jembe na kuyafukia katika vilima vya duara, kimoja baada ya kingine, shamba zima. Majani yakaoza humo humo, maharage yakapandwa juu, na msimu uliofuata vilima vikatawanywa ili ulezi uote kwenye mbolea hiyo. Ilikuwa akili kubwa ya kilimo, na iliwalisha Wafipa bila mbolea ya dukani. Lakini iliinamisha migongo. Bibi alipofika uzeeni hakuweza kusimama wima bila fimbo.

Wala hakuna aliyeitwa mwuguzaji wa bibi. Wajukuu wa kike tulilala naye, na yeyote aliyeamka usiku alichochea moto. Mke wa baba mkubwa alipika uji wa ulezi asubuhi. Mama yangu alimwogesha. Vijana walichota maji. Shangazi alipokuja kutoka Chala alikaa hata mwezi mzima, na wenyeji wakapumua. Jirani aliyetoka porini na mzigo wa kuni aliacha vijiti viwili vitatu mlangoni akapita zake. Baba zangu walichuchumaa kumwamkia, wakipiga makofi polepole, kabla ya kwenda shamba. Katika kuitikia kwake walijua amelalaje.

Sitaki kijana adhani palikuwa peponi. Hakuna aliyempima bibi presha hata siku moja. Maumivu yake yote yaliitwa uzee. Moshi uliompa joto ndio uliomharibu macho, na katika nchi yetu macho mekundu ya mwanamke mzee yamekuwa hatari kwa maisha yake. Wapo waliouawa, hasa kanda ya Ziwa, kwa kudhaniwa wachawi, kumbe ni macho yaliyochomwa na moshi wa kupikia watoto wa watu. Mgonjwa aliyezidiwa alibebwa kwa machela, mwendo wa siku nzima. Wazee wetu walimtaja Daktari Adrian Atiman kama mtu wa ukoo. Nimehakikisha tarehe: alifika Karema mwaka 1889, akafariki 1956. Ni mtoto aliyetekwa utumwani Afrika Magharibi, akakombolewa na Mapadri Weupe, akasomea udaktari Malta, kisha akawatibu watu wa pande zetu kwa zaidi ya miaka 60. Hospitali ya kanisa pale Sumbawanga mjini ina jina lake. Kwa bibi tarehe hizo hazikuwa na kazi. Yeye alihesabu mambo kuwa ya enzi za Atiman au ya baadaye.

Nilipohamia mjini nilimkuta mzee mmoja mwenye duka la dawa baridi karibu na soko. Asubuhi za baridi alikaa nyuma ya kaunta amevaa koti la sufu na miwani iliyofungwa uzi. Rafu zake hazikuwa na mengi: klorokwini, aspirini, vidonge vya tumbo, jivii, spiriti, dawa ya kikohozi na mafuta ya kuchua. Mbele ya duka aliweka benchi. Waliopanda na malori kutoka Muze na Mtowisa waliketi hapo na vumbi lao la bondeni kabla hata hawajasema shida zao.

Kwa asiyejua kusoma, mzee yule alichora kwenye bahasha ya vidonge. Jua likichomoza, kidonge kimoja. Jua utosini, kimoja. Mwezi, viwili. Alichora taratibu, akimwonyesha mteja, kisha akamwambia aeleze mwenyewe michoro ile inasemaje. Asipoweza, walirudia. Lakini dawa ya mgonjwa mzee hakuitoa kabla ya kuuliza, "Nani analala naye?" Ukimtajia jina moja, aliuliza la pili. Kama jina la pili halikuwepo alikunja uso, na mara nyingi nilimsikia akimwambia mwanamke aliyetumwa dawa, "Mgonjwa wako nimempa vidonge. Wewe umepata usingizi lini?" Wengine walicheka kwa haya. Wengine walilia pale pale kwenye benchi, na hakuwaharakisha.

Mwaka 2003 mpango wa maduka ya dawa muhimu ulianzia Ruvuma, na miaka michache baadaye ukafika Rukwa. Ulikuwa mpango mzuri. Wauzaji walifundishwa, na dawa zikakaguliwa. Mzee wetu alikuwa amechoka, akafunga. Siku hizi wauzaji wengi wanajua dawa kuliko yeye, lakini unainunua kwenye tundu la nondo, umesimama juani, na hakuna anayekuuliza nani analala na mgonjwa. Palipokuwa na benchi lake pana kibanda cha miamala ya simu.

Yaliyofuata yalikwenda mbio. Lami ikaja, na watoto wetu wakaifuata hadi Tunduma, Mbeya na Dar es Salaam. Tayari mwaka 2003 tulikuwa tumepata Sera ya Taifa ya Wazee, na huduma ya bure kwa wasiojiweza wenye miaka 60 na kuendelea. Yakaja madirisha ya wazee hospitalini, vikaja vitambulisho. Mama akapimwa presha, kitu ambacho bibi hakukipata. Hata hivyo, mara nyingi kitambulisho kilitupa cheti cha kwenda kununua dawa nje, na zilipokosekana mama alizikosa. Asubuhi moja alianguka uani, mdomo umepinda, upande wa kulia umekufa.

Dada aliacha biashara yake ya mahindi na maharage kule Namanyere akarudi nyumbani. Hiyo ndiyo kazi aliyoulizia kijana. Alimgeuza mama kila baada ya saa mbili, usiku na mchana, ili asipate vidonda vya mgongoni. Alimkalisha wima kabla ya kila kijiko cha uji, maana aliyepooza hupaliwa, na chakula kikiingia mapafuni kinaweza kuua. Alimnyoosha vidole vya mkono ule uliokufa, kimoja kimoja, kila asubuhi. Alifua mashuka kwa maji ya Juni yanayogandisha mikono. Halafu mama akaanza kusahau, akiamka usiku wa manane kutafuta jembe akalime intumba, na dada akawa analala amejifunga kitenge chake na cha mama. Watu husema ni uzee. Utafiti uliofanywa Hai, Kilimanjaro, na kuchapishwa mwaka 2013, ulikuta kwamba katika kila watu 100 wenye miaka 70 na zaidi, 6 hivi wana maradhi haya ya akili kufifia. Ni ugonjwa, na anayeuguza anastahili kuelezwa utaendaje.

Sisi wengine tulituma fedha, na fedha zilinunua dawa na nepi. Lakini simu haimgeuzi mtu kitandani. Dada naye alikuwa na presha. Alipompeleka mama kliniki katika kituo kimoja, mama alipimwa, naye akasimama pembeni amemshika bega. Hakuna aliyemwambia aketi apimwe. Siku yake ya kliniki ilipofika, hakuwa na wa kumwachia mama. Vidonge vikaisha. Presha haipigi hodi. Amekufa kabla ya mgonjwa wake.

Mama bado yupo. Tumekaa kikao cha ukoo tukapanga zamu, na wanaume wamo, kwa sababu kumgeuza mgonjwa kunahitaji nguvu na nguvu wanayo. Anayeshika zamu halimi wala hachangi fedha mwezi huo, na kliniki yake mwenyewe haahirishi. Huo ndio utaratibu wa jiko la bibi, tofauti ni kwamba sasa umeandikwa.

Lakini ukoo peke yake hautoshi. Zanzibar, tangu Aprili 2016, kila mwenye miaka 70 na kuendelea analipwa pensheni ya kila mwezi bila kuulizwa kama aliwahi kuajiriwa. Ilianza kwa shilingi 20,000. Wazee wa Bara nao wameijenga nchi kwa migongo yao. Na kwenye dirisha la wazee, kipimo cha presha kinachofungwa mkono wa mgonjwa kifungwe pia mkono wa aliyemleta. Hilo halihitaji bajeti mpya, wala halichukui dakika tano. Serikali ya kijiji inayoandika majina ya wazee iandike kando yake jina la anayelala nao, na la pili la kumpokea. Pasipo na jina la pili, hapo ndipo mtoa huduma wa afya ngazi ya jamii aanzie kazi.