Magome ya Mninga na Bati la Silika

Nilipokuwa sekondari Songea, somo la kutenganisha rangi za majani lilihitaji mchicha, kinu, spiriti na kipande cha chaki. Tulitwanga, tukachuja, tukasimamisha chaki ndani ya maji yale ya kijani, na michirizi ya kijani na njano ikaanza kupanda. Mwalimu alitueleza kuwa mwaka 1903 Mrusi Mikhail Tsvet, akiwa Warsaw, aliwaonyesha wenzake njia hiyo. Baadaye alitumia bomba la kioo lililojazwa unga wa kalsiamu kaboneti, madini ya chaki. Nilifurahi mno kusikia kwamba kromatografia ilianzia karibu hivyo na chaki yetu.

Chuo kikuu, Dar es Salaam, hamu yangu ikahamia kwenye dawa za miti. Likizo moja nilirudi na magome ya mninga, ambayo bibi aliwachemshia watu wenye kuhara. Niliyaloweka kwenye methanoli, nikaweka nukta ya dawa ile kwenye bati lililopakwa silika, nikalisimamisha kwenye kimiminika kikapanda, kisha nikalimulika kwa taa ya urujuanimno ya nanometa 254. Madoa yakatokea mahali ambapo macho hayakuona kitu. Kumbe mti mmoja ni dawa nyingi! Wekundu mzito ulibaki chini kabisa: tanini. Silika huzing'ang'ania kwa sababu zina vikundi vingi vya haidroksili, na kwa sababu hiyohiyo tanini hupenda maji. Chungu cha bibi kilizitoa vizuri bila methanoli.

Kilichofuata, ili kuzitenga dawa hizo moja moja, kilikuwa kazi ya subira: silika ndani ya bomba refu, kimiminika kikidondoka, nasi tukibadilisha chupa na kuijaribu kila moja kwenye bati.

Leo kuna mashine ya kromatografia iitwayo HPLC. Pampu husukuma kimiminika kwa shinikizo kubwa kupitia bomba la chuma, na kompyuta huchora vilele kwa dakika chache. Naithamini kwa sababu hupima kiasi. Magome ya miti miwili hayalingani nguvu, na doa la rangi peke yake halimwambii mgonjwa anywe kiasi gani. Utafiti wa tiba asili, ulioanza Muhimbili mwaka 1974, unahitaji vipimo vya namna hiyo.

Lakini mninga unakatwa kwa mbao kila siku, na wazee wanaoijua dawa yake wanaondoka. Walimu wa kemia wa Ruvuma, msisubiri mashine. Wapelekeni wanafunzi kwa wazee hao, waandike mti, mahali, mwezi na namna ya kuchemsha, kisha waanze na karatasi ya kuchujia na chaki.